Mwalimu Akihama, Timu Inabaki na Nini?



Leo tuzungumze kuhusu makocha. Usifunge ukurasa kwa sababu wewe si mtu wa mpira. Jambo lenyewe litakugusa hata kama hujawahi kupiga danadana maishani mwako.

Jumapili moja baada ya Misa ya pili tulikuwa na kikao cha vijana hapa Nsemulwa. Ajenda ilikuwa michango ya hija, lakini kama kawaida yetu tukaishia kwenye mpira. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mkimya, aliyekaa mwisho wa benchi, akanyoosha mkono.

"Kaka, naomba kuuliza. Mwalimu akiacha timu akaenda kwingine, ni dhambi?"

"Mwalimu gani, mdogo wangu?"

"Wa michezo. Ametuambia Ijumaa. Amepata kazi ya kocha msaidizi kwenye timu ya mkoa mwingine. Na mashindano yamebaki wiki tatu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamjibu haraka, kama wakubwa tunavyojibu: mwalimu naye anatafuta riziki, ana watoto, mwombeeni. Akasema, "Sawa kaka," akakaa. Ila nilimwona usoni kwamba sikuwa nimemjibu. Nilikuwa nimemnyamazisha tu.

Usiku swali lake likanirudia. Niliwahi kuona kocha mmoja akipanda cheo kwa njia ambayo mpaka leo inaniuma, na niliwahi kusoma habari za makocha walioondoka bila kumkosea mtu. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa "ndiyo" tupu wala "hapana" tupu. Twende polepole.

Kazi ya kocha wa shule ikoje

Kocha wa klabu akimpata kijana mzuri anaweza kukaa naye miaka kumi. Kocha wa shule hana bahati hiyo. Anampokea mtoto wa kidato cha kwanza asiyejua hata kufunga kamba za njumu, anamfundisha kukaba, kutulia na mpira, kupokea pasi akiwa amegeuka. Siku kijana anaanza kuiva, ni kidato cha nne. Mtihani wa taifa, kwaheri mwalimu. Vyuoni hali ni hiyo hiyo, na pengine muda ni mfupi zaidi. Kocha wa chuo cha ualimu anayepeleka timu kwenye UMISAVUTA anajua kabisa kwamba nusu ya kikosi chake mwakani watakuwa wamepangiwa vituo vya kazi.

Tena, mara nyingi huyu si kocha kwa ajira. Ni mwalimu wa Jiografia au wa Kiswahili aliyekabidhiwa filimbi. Mshahara wake ni ule ule, timu ishinde au ifungwe. Muda anaoutumia uwanjani ni ule wa jioni, ambao wenzake wanaenda shambani au wanafungua duka.

Kinachoweza kubadilisha maisha yake ni matokeo. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, inapanda kama ngazi: kata, halmashauri, mkoa, halafu taifa. Mwaka 2019 mikoa yote ilikutana Mtwara. Mwaka 2022 ikakutana Tabora. Kwa mtoto wa Mpanda, Tabora ni safari ya treni kupitia Kaliua. Mtwara ni mwisho mwingine wa nchi, kwenye bahari ambayo wengi wetu tumeiona kwenye simu tu. Kijana akichaguliwa kwenye timu ya mkoa, ukoo mzima unajua. Na mwalimu akichaguliwa kuiongoza timu ya mkoa, naye ameonekana. Maafisa michezo wanamjua, watu wa klabu wanamjua. Akipata nafasi ya kozi, akapata leseni ya awali ya ukocha, au akaenda kusoma Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba, mlango umeanza kufunguka.

Na mlango ukifunguka unaweza kumfikisha mtu mbali. Joel Bendera alikuwa miongoni mwa makocha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika mwaka 1980, baadaye akawa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa. Dk. Mshindo Msolla aliwahi kuinoa Taifa Stars, na mwaka 2019 akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa Yanga. Hakuna ubaya wowote kupanda. Mungu hakutuumba tukae chini ya mti.

Lakini tazama jambo moja. Fundi seremala akitaka kupanda, anapanda kwa mikono yake. Kocha anapanda kwa miguu ya watu wengine. Hafungi goli yeye. Anayefunga ni mtoto wa miaka kumi na sita aliyekuja shuleni bila kunywa chai. Sifa anapewa kocha, na safari nyingine kazi mpya anapewa kocha. Hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa. Je, hawa vijana kwangu ni watu, au ni ngazi?

Jina la rafiki yangu

Sasa niseme ile inayoniuma. Shule siitaji, na mwalimu simtaji, maana wengine wako hai na si kazi yangu kuwahukumu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa mchezaji wa akiba, tena wa akiba ya akiba, lakini nilikuwemo. Rafiki yangu alikuwa beki wa kulia. Hakuwa na kipaji kikubwa. Alikuwa na mapafu na alikuwa na bidii. Alikuwa anatoka nyumbani kwao alfajiri kwa miguu, na jioni anarudi kwa miguu, na katikati hapo anakimbia uwanja mzima. Mwaka ule akaingia kwenye kikosi cha kwanza. Mama yake alimuuza kuku amnunulie viatu.

Wiki ya mashindano walikuja watu wawili ambao hatukuwahi kuwaona darasani. Wakubwa, mmoja ana ndevu amezinyoa. Mnajua wanaitwaje: mamluki. Mmoja alikuwa beki wa kulia. Kwa kuwa orodha ilishapelekwa na majina yalishaandikwa, mwalimu alifanya kitu rahisi. Alibandua picha ya rafiki yangu kwenye fomu akabandika ya yule mtu. Jina akaliacha.

Kwa hiyo rafiki yangu alikaa pembeni ya uwanja akiangalia mtu mwingine akicheza kwa jina lake. Aliambiwa akae mbali na meza ya waamuzi, na akiitwa jina asiitike. Na hilo jina, ndugu zangu, ni jina la mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Ni jina la somo wake, alilopewa siku ya ubatizo. Padri alilitamka jina lile akimmwagia maji kichwani. Sasa anaambiwa asiliitikie, kwa sababu siku ile lilikuwa linatumiwa na mwingine.

Tulishinda, na sitadanganya kwamba sikufurahi. Nilirukaruka kama wengine. Mwalimu alibebwa juu juu, akachaguliwa kwenye benchi la timu ya ngazi ya juu, na baada ya muda akahamia kazi nzuri zaidi. Rafiki yangu hakusema kitu. Alirudisha jezi, na tangu siku hiyo sikumwona tena uwanjani. Viatu vile alimpa mdogo wake.

Watu wanapozungumzia mamluki wanasema ni kuvunja kanuni, timu inaweza kunyang'anywa pointi. Ni kweli. Tena ni kuvunja Amri ya Nane, maana fomu ile ilikuwa ushahidi wa uongo. Ila mimi nikikumbuka siku ile, siwazi kanuni. Namwaza kijana aliyekaa kwenye nyasi akisikia watu wanashangilia jina lake, na yeye hayumo.

Mtu hatumiwi kama kifaa

Mtakatifu Yohane Paulo II, kabla hajawa Papa, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili. Na kabla ya hapo, huko Wadowice alikozaliwa, alikuwa kijana anayecheza mpira, na mara nyingi alisimama golini. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu upendo na wajibu, na ndani yake aliweka kanuni ambayo kwa maneno yangu naisema hivi: kuna vitu vya kutumia na kuna watu wa kupenda, na mtu asiwekwe kamwe kwenye kundi la vitu vya kutumia. Kabla yake mwanafalsafa Immanuel Kant alishasema jambo linalofanana, kwamba mtu hapaswi kufanywa njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Yohane Paulo II akasogea hatua moja mbele: haitoshi kutomtumia mtu, unatakiwa umpende.

Angalia lile neno "tu". Kila mmoja wetu anamtumia mwenzake kwa namna fulani. Mimi namtumia dereva wa bodaboda nifike mjini, naye ananitumia apate hela ya chakula. Kocha anawahitaji wachezaji ili awe kocha, na wachezaji wanamhitaji kocha. Hilo si kosa. Kosa ni pale ambapo baada ya kumtumia hakibaki kitu kingine. Siku ambayo kijana hana faida kwenye matokeo, kwa macho ya kocha anakuwa hayupo.

Ndiyo maana ukitaka kumjua kocha, usitazame anavyomtendea mfungaji wa magoli. Huyo hata mwenye tamaa atamtunza. Tazama anavyomtendea mchezaji wa akiba, aliyevunjika mguu, na yule wa kidato cha nne ambaye msimu wake umeisha. Kwa hao kocha hapati tena kitu. Akiwajali hao, ujue upendo upo.

Aliyebaki na aliyeondoka

Turudi kwa mdogo wetu wa kidato cha pili. Alichouliza yeye ni kuhusu kuondoka. Je, anayempenda mtu si anabaki naye?

Mara nyingi tunadhani hivyo. Nilidhani hivyo hata mimi, mpaka nikasoma habari za timu ya Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, kinachoongozwa na Wajesuiti. Kule vyuo vikuu vina mashindano yao ya taifa ya soka, yaliyoanza mwaka 1959. Bingwa wa kwanza kabisa alikuwa chuo hiki, na kufikia 1973 kilikuwa kimechukua ubingwa mara kumi, mara nyingine kwa kuugawana. Makocha walikuwa wawili.

Wa kwanza aliitwa Bob Guelker. Kabla ya chuo alikuwa akisimamia michezo ya vijana Wakatoliki wa St. Louis. Yaani alianzia mahali kama hapa tulipo, kwenye vijana wa parokia. Alitwaa ubingwa mara tano. Halafu, akiwa juu kabisa, akaondoka. Mwaka 1967 alikwenda kuanzisha timu kwenye chuo kichanga cha Edwardsville, jimbo la Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi. Kule hakukuwa na kombe wala historia. Alianza na sifuri. Miaka kumi na miwili baadaye, 1979, chuo hicho kidogo kikawa bingwa wa taifa.

Wa pili aliitwa Harry Keough. Huyu mwaka 1950 alikuwemo kwenye timu ya Marekani iliyoifunga Uingereza bao 1-0 kwenye Kombe la Dunia kule Brazil, tokeo lililoishangaza dunia nzima. Aliipokea timu ya Saint Louis mwaka 1967, akakaa nayo mpaka 1982, naye akaipa ubingwa mara tano. Na unajua kazi iliyokuwa inamlisha? Posta. Kocha bingwa wa vyuo vya Marekani alikuwa mtumishi wa posta, na mpira aliufundisha baada ya kazi, kama mwalimu wetu wa Jiografia.

Mmoja aliondoka, mwingine akabaki. Nani mwema? Kwa kutazama kuondoka na kubaki peke yake huwezi kujibu. Guelker alipoondoka, timu aliyoiacha iliendelea kushinda. Maana yake hakuijenga juu ya jina lake. Keough alipobaki, hakubaki kwa sababu ya fedha, maana chakula chake kilitoka kwenye barua.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye Bruda Colm O'Connell. Huyu ni wa riadha, si wa soka, lakini ni kocha wa shule kwelikweli. Ni Mmisionari kutoka Ireland, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Alifika Shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha Jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Aliangalia watoto wanavyokimbia, akajifunza kwao, akaanza kuwasaidia. Wanafunzi na vijana wa kambi zake wakaanza kurudi na medali za Olimpiki. Mmoja wao, David Rudisha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91 London mwaka 2012. Bruda angeweza kutafuta kazi popote duniani. Akabaki Iten.

Ila tusifanye kubaki kuwe utakatifu wa moja kwa moja. Kuna kocha anayebaki miaka ishirini kwa sababu uwanja ule mdogo umemfanya mfalme. Hataki kijana aende timu nyingine, hataki mwalimu mpya ashike filimbi, anawaambia watoto bila mimi ninyi si kitu. Huyo hajaondoka, lakini bado anawatumia. Amewafanya kiti badala ya ngazi.

Na tusimfanye anayeondoka kuwa mwovu. Bwana wetu mwenyewe alipowatuma wale sabini na wawili alisema wazi kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Mwalimu ana mke, ana wazazi kijijini, ana ada za wadogo zake. Ni rahisi sana sisi vijana kusema "wito, wito" wakati anayelala na njaa ni mwingine.

Yohane Mbatizaji na wachezaji wake wawili

Nilipokuwa nawaza haya yote, nikakumbuka Injili ya Yohane sura ya kwanza, mstari wa 35 na kuendelea. Yohane Mbatizaji amesimama na wanafunzi wake wawili. Yesu anapita. Yohane anamwonyesha, anawaambia huyu ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Wale wawili wanasikia, wanamwacha Yohane, wanamfuata Yesu. Mmoja wao ni Andrea.

Lisome tukio hilo kwa jicho la kocha. Yohane amewalea hawa vijana, amewafundisha kusali na kufunga. Sasa wanaondoka, tena yeye mwenyewe ndiye aliyewanyooshea kidole waende. Sura ya tatu wanafunzi waliobaki wanamjia wakilalamika kwamba watu wote wanaenda kwa yule mwingine. Jibu lake mnalijua: furaha yake imetimia, yule anapaswa kukua na yeye apungue.

Kocha wa shule anaishi Injili hii kila mwaka, apende asipende. Kila Novemba anaachwa. Na hapa ndipo nilipopata jambo ambalo sikumwambia mdogo wetu siku ile. Sisi tunauliza kama mwalimu akituacha ni dhambi. Lakini sisi wenyewe tunamwacha kila mwaka, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Tunamaliza shule, tunaenda, wengine hatugeuki hata kusema asante. Yeye anabaki na mipira iliyochakaa na kundi jipya lisilojua kupiga pasi. Kama kuondoka kwenyewe kungekuwa usaliti, wasaliti wa kwanza tungekuwa sisi.

Kwa hiyo dhambi haiko kwenye mguu unaoondoka. Tuitafute kwingine. Iko kwenye kuondoka kwa uongo, kwamba umewaahidi watoto hutahama wakati barua iko mfukoni. Iko kwenye kuondoka na kilicho chao, iwe fedha ya nauli au mchezaji mmoja mzuri unayemtorosha shule kabla ya mtihani kwa faida yako. Iko kwenye kuwaacha bila mtu wa kuwapokea, kana kwamba timu inakufa pale unapoishia wewe. Na iko nyuma zaidi, miaka yote kabla ya kuondoka, kama wakati huo wote ulikuwa unawatazama watoto ukiona ngazi.

Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akamwagilia, na aliyekuza ni Mungu (1 Kor 3:6). Paulo alikuwa mtu wa kuhama. Hakukaa mji mmoja maisha yote. Lakini kila alipohama aliacha wazee wa kanisa, aliandika barua, aliwataja watu kwa majina.

Daftari

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta kwenye kiwanja cha vumbi anafanya mazoezi na wenzake, na pembeni amesimama mwalimu wa kike, mgeni kwenye mpira, ameshika filimbi kama mtu aliyeshika kifaranga. Mkono wa pili alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu.

Nikamuuliza kijana, "Vipi, mmepata kocha?"

"Madamu ndiye amepewa. Mpira haujui sana, kaka. Lakini mwalimu alimwachia daftari."

Baada ya mazoezi madamu akaniruhusu nilitazame. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake. Jina kamili juu. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka: anatumia mguu gani, anakosea wapi. Halafu mambo ambayo hayana uhusiano na magoli. Huyu ana pumu, asikimbizwe kwenye vumbi jingi. Huyu anatoka mbali, aruhusiwe mapema kabla giza halijaingia. Huyu akifokewa mbele ya watu anafunga mdomo siku mbili, mvute pembeni. Kulikuwa na kurasa za wachezaji wa akiba pia, ndefu sawa na za wengine.

Kijana akanifungulia ukurasa wake. Hakusema kitu, aliweka kidole kwenye jina tu. Nikamkumbuka rafiki yangu wa kidato cha tatu, na ile picha iliyobanduliwa.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Mwalimu wako hajatenda dhambi. Lakini kuumia kwako nako ni halali. Ukipenda mtu, akiondoka unaumia, na hilo si kosa lako wala lake."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mwombee. Mpigie simu umshukuru. Halafu umsaidie madamu."

Walicheza mechi mbili wakatolewa. Hawakwenda popote. Nisingependa nikudanganye kwamba daftari lilileta ubingwa.

Tujipime

Kijana mwenzangu, pengine hutakuwa kocha. Lakini karibu kila kazi utakayoifanya itakuwa na watu ambao wewe utapanda kupitia kwao: wanafunzi, wagonjwa, wateja, wanakwaya, wanachama wa TYCS au VIWAWA unaowaongoza. Jioni hii kabla ya kulala, jiulize mbele ya Mungu:

Watu ninaowaongoza nawajua kwa majina, au kwa faida yao?

Nani ni mchezaji wangu wa akiba, yule ambaye hanipi kitu? Mara ya mwisho nilimsalimia lini?

Kama kesho nikihama, nimeandaa nini kwa ajili ya atakayenipokea?

Je, kuna jina la mtu nililolitumia kwa faida yangu, na mwenye jina nikamwacha pembeni?

Na la mwisho: ni mwalimu gani aliyenilea nami nikaondoka bila kusema asante?

Hilo la mwisho lilinichoma mwenyewe. Na lile la jina pia. Nilimtafuta rafiki yangu. Siku hizi ana familia na anauza mahindi sokoni. Nilimwomba msamaha kwa kuwa siku ile nilishangilia. Alicheka, akasema yalishapita. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Bado unakumbuka?" Nikamwambia nakumbuka.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, wewe unawaita kondoo wako kila mmoja kwa jina lake. Wabariki walimu na makocha wanaobaki jioni uwanjani na watoto wetu. Wanaobaki uwape moyo usiochoka, na wanaoondoka uwape njia njema. Utusamehe pale tulipowafanya wenzetu kuwa ngazi. Utufundishe kupungua ili wengine wakue. Mtakatifu Yohane Mbatizaji, utuombee. Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.